Barua ya wazi kwa mawaziri wa Bonde la Ziwa Victoria: someni tafiti zote kabla ya kutia saini

Mwanza

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya kilimo, mazingira na uvuvi,
Tanzania, Uganda, Kenya, Rwanda na Burundi.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUFANYA MAPITIO YA KIMFUMO YA TAFITI KABLA YA KUSAJILI AU KUHUISHA VIBALI VYA KEMIKALI ZINAZOISHIA ZIWANI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtafiti mstaafu wa ikolojia ya maji. Umri wangu wa kazi umeishia kwenye mitumbwi, maabara na maktaba za kando ya ziwa hili. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya kimya nimeimaliza. Barua yangu ya kwanza kwa ofisi moja inayohusika na vibali vya viuatilifu, ambayo sitaitaja, haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa aya moja: hakuna utafiti wa ndani unaoonyesha madhara kwa viumbe wa majini, na suala limefungwa. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe na bahasha nene ya nakala za tafiti. Nilipokelewa kwa heshima, nikapewa kiti, bahasha ikagongwa muhuri. Tangu siku hiyo sijasikia neno.

Ni ile sentensi ya "hakuna utafiti wa ndani" inayoninyima usingizi. Niliuliza, kwa adabu: mlitafuta wapi? Kwa maneno gani? Mkasoma tafiti zipi, mkazikataa zipi, na kwa nini? Hakuna aliyeweza kunionyesha hata ukurasa mmoja wa majibu. Kama hakuna kumbukumbu ya kutafuta, ofisi imejuaje kwamba hakuna kitu?

Kuna njia inayojulikana ya kujibu swali la namna hii. Inaitwa mapitio ya kimfumo. Kabla hujasoma chochote, unaandika swali lako wazi: kiumbe gani, amekutana na kemikali gani na kwa kiasi gani, analinganishwa na nani ambaye hakukutana nayo, na unaangalia nini kwake: kufa, kukua, kutaga mayai, kukimbia adui. Unaandika pia utatafuta wapi, kwa lugha zipi, utafiti upi utaingia na upi utaachwa. Maandishi hayo ndiyo itifaki, na yanachapishwa kazi ikiwa haijaanza, ili mtu asije akabadili vigezo baada ya kuyaona majibu. Kisha watu wawili, kila mmoja peke yake, wanapitia machapisho na kuchambua. Wakitofautiana, wanajadiliana au wa tatu anaamua. Kila utafiti unaopita unapimwa ubora wake kwa fomu ileile. Mwishoni matokeo yote yanawekwa mezani, yanayopendeza na yasiyopendeza, na mtu mwingine yeyote anaweza kuirudia kazi hiyo hatua kwa hatua akaona kama atafika palepale.

Madaktari walitutangulia. Mtandao wa Cochrane ulianzishwa Uingereza mwaka 1993 kwa ajili ya tafiti za tiba. Mwaka 2006 watafiti Andrew Pullin na Gavin Stewart walichapisha mwongozo wa kuitumia njia hiyo katika uhifadhi na usimamizi wa mazingira. Mwongozo wa PRISMA, unaosema mapitio yaandikwe vipi, ulitoka 2009 na kuhuishwa 2020, na una vipengele 27 vya kujaza. Hakuna linalosubiri kubuniwa. Zana zipo na nyingi ni za bure.

Sasa nieleze yanayonisumbua.

1. Ushahidi wetu upo, lakini hauhesabiwi.

Twendeni Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani. Banda la viuatilifu vilivyozeeka liliporomoka katika shamba lile, na baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yakaondolewa. Mwaka 2004 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha katika jarida la Ambio walichokikuta baada ya usafi huo. Udongo wa juu ulikuwa na mabaki ya DDT, sumu ya kuulia wadudu, hadi asilimia 28, na ya HCH, sumu nyingine ya aina hiyo, hadi asilimia 6. Sumu ilionekana hadi kina cha sentimita 50. Maji ya kisima na ya juu ya ardhi nayo yalikuwa nayo.

Tafadhali simameni hapo kwenye asilimia 28. Katika kilo moja ya udongo ulio mbaya zaidi, zaidi ya robo kilo ni DDT na mabaki yake. Watafiti wenyewe walisema udongo uliobaki ni taka hatarishi, na kwamba kuondoa kinachoonekana si lazima kuwe kumemaliza tatizo. Huu ni utafiti wa ndani, umefanyika nchini, umepitiwa na wataalamu, umechapishwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Anayesema hakuna utafiti wa ndani hajaufikia, au ameufikia akauweka kando bila kusema sababu. Katika mapitio ya kimfumo mambo yote mawili yangeonekana, kwa sababu orodha ya vilivyokataliwa huchapishwa pamoja na sababu zake.

Na hayo ni machapisho ya majaridani tu. Rafu za Sokoine, Dar es Salaam, Makerere na Nairobi zina tasnifu za uzamili na uzamivu ambazo hazijawahi kuingia intaneti. Kijana alikaa misimu miwili kwenye mashamba ya nyanya, akapima maji ya mfereji, akatetea kazi yake, akapewa shahada, na kitabu chake kikapangwa rafuni. Kwa anayetafuta kwa kompyuta peke yake, kazi ile haikuwahi kufanyika. Nimekaa kwenye maktaba hizo nikifuta vumbi kwa kiganja, na ninasema kwa uchungu kwamba tunawasomesha watoto wetu wapime sumu, kisha tunatangaza kwamba hakuna aliyepima.

2. Anayechagua karatasi ndiye anayechagua jibu.

Jalada linaloletwa na muuzaji lina tafiti za muuzaji. Sisemi ni za uongo. Nasema zimechaguliwa, na aliyezichagua ana duka la kufungua.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa atrazini, dawa ya magugu ya mahindi na miwa. Kwa miaka mingi ilibishaniwa kama inadhuru vyura na samaki. Upande mmoja ulileta tafiti zake, upande wa pili zake. Mwaka 2010 watafiti Jason Rohr na Krista McCoy walikusanya tafiti zilizokuwepo na kuzipima pamoja. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba atrazini inaua samaki na vyura moja kwa moja kwa kawaida, na waliliandika hilo bila kuficha. Lakini katika tafiti 15 kati ya 17, na katika spishi zote 14 zilizochunguzwa, ndubwi walifikia hatua ya kugeuka kuwa vyura wakiwa na miili midogo. Kinga ya mwili na tabia ya kukwepa adui nazo zilionekana kuathirika katika tafiti nyingi. Chura mdogo hafi siku ileile. Anakufa msimu unaofuata, au anataga kidogo, na hakuna bwana shamba atakayemwona.

Mwaka huohuo watafiti hao wawili waliyachambua mapitio ya awali, yaliyogharimiwa na kampuni iliyoitengeneza dawa hiyo. Walihesabu kauli 122 zisizo sahihi na 22 za kupotosha, na asilimia 96.5 ya kauli hizo ziliegemea upande wenye faida kwa mtengenezaji. Waheshimiwa, tafiti zilizosomwa zilikuwa karibu zilezile. Kilichotofautiana ni namna ya kusoma.

3. Viumbe wetu hawamo katika majaribio.

Kipimo cha kawaida cha sumu ya majini hutumia Daphnia magna, kidudu cha maji kisichozidi milimita chache, kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22. Kwa samaki hutumika trauti, samaki pundamilia (zebrafish) wa maabara na wengine wa aina hiyo. Dagaa wetu hayumo kwenye orodha ile. Furu hawamo. Maji ya juu ya ziwa letu huwa na joto la nyuzi 24 na zaidi, na joto hubadili mambo mawili kwa pamoja: kemikali nyingine huvunjika haraka zaidi, na viumbe wengine huivuta haraka zaidi mwilini. Lipi linashinda? Inategemea kemikali na kiumbe, na ndiyo maana tafiti za huku, hata zikiwa chache na ndogo, zina thamani kuliko uzito wake. Mapitio yanayoanza na swali la "kiumbe gani, katika mazingira gani" yanalazimika kuzitafuta. Jalada la muuzaji halina sababu ya kufanya hivyo.

4. Ubora wa utafiti unapimwa kwa muhuri.

Nimeambiwa mara mbili, na watu wawili tofauti, kwamba tafiti za vyuo vikuu "hazina viwango" kwa sababu hazikufanyika katika maabara yenye ithibati ya kimataifa. Asili ya fikra hii naijua. Mwaka 1997 Klimisch na wenzake wawili, wote wakiwa wa kampuni ya kemikali ya Ujerumani, walipendekeza ngazi nne za kupanga uaminifu wa tafiti, na ngazi hizo ziliipa maabara yenye ithibati nafasi ya mbele. Zikaenea dunia nzima kwa sababu ni rahisi. Lakini ithibati inathibitisha utunzaji wa kumbukumbu. Haithibitishi kwamba swali lililoulizwa lilikuwa sahihi, wala kwamba samaki aliyechaguliwa anafanana na wetu. Mwaka 2016 vilitoka vigezo vingine vya kupima tafiti, viitwavyo CRED, 20 vya uaminifu na 13 vya uhusiano wa utafiti na swali lililopo. Kwa vigezo hivyo tasnifu ya Sokoine, Morogoro, na ripoti ya kampuni ya Basel, Uswisi, zinaulizwa maswali yaleyale. Tasnifu ikianguka, na ianguke kwa kosa lililotajwa.

5. Uamuzi hautolewi maelezo.

Hili ni fupi. Dawa inasajiliwa, jina lake linaingia kwenye orodha, lakini mwananchi hawezi kusoma ni tafiti zipi ziliwafikisha hapo. Hata mimi mwenye taaluma hii nimeshindwa.

Najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshayasikia.

Mtasema hatuna fedha. Mapitio hayahitaji maabara wala meli. Yanahitaji watu wachache waliofunzwa, mkutubi mmoja hodari, na uwezo wa kufungua majarida. Tena ziwa ni moja. Kilomita za mraba 68,800, nchi tatu zinagusa maji na mbili zaidi zinayaleta kwa mito. Kwa nini kila nchi isome peke yake kemikali ileile inayoingia maji yaleyale? Gawaneni: Tanzania ichukue kemikali hizi, Uganda zile, Kenya nyingine, Rwanda na Burundi vivyo hivyo, kisha kila mmoja amsomee mwenzake.

Mtasema inachukua muda mrefu. Ni kweli, mapitio kamili yanaweza kula mwaka mzima au zaidi. Lakini ipo ramani ya ushahidi, kazi nyepesi inayoonyesha nini kimechunguzwa, wapi, na pengo liko wapi, na kwa kemikali nyingi hiyo ingetosha kuanzia.

Mtasema mkulima ataangamia. Hapa nakubaliana nanyi zaidi kuliko mnavyodhani. Nimeona shamba la mahindi baada ya viwavijeshi vamizi kupita, na simwambii mama aliyekopa mbegu kwamba asipulize. Ninachotaka ajue ni kile anachokipuliza, na hilo hatalijua kama ninyi hamlijui. Mapitio hayana adui. Yanaweza kuikuta dawa inayoshukiwa haina hatia kwa kipimo kinachotumika.

Tazameni suala la zebaki. Kwa kuwa wachimbaji wadogo wa Geita na kwingineko hukamatia dhahabu kwa zebaki na kuichoma, wengi waliamini moja kwa moja kwamba samaki wote wa ziwa wameoza kwa sumu. Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Akagi wa Japani walipima katika miaka ya 1990 na kukuta zebaki kidogo kwa samaki wa ziwani. Wasiwasi mkubwa zaidi ulikuwa karibu na wachimbaji wenyewe na marudio yao, yaani mabaki ya mchanga uliokwishatolewa dhahabu. Watafiti wengine kutoka Japani, walipofuatilia watu wa kando ya ziwa waliokuwa na zebaki nyingi kwenye nywele, walikuta chanzo kimoja ni sabuni za kung'arisha ngozi. Nani angelijua hilo kwa kusoma karatasi moja? Anayesoma zote hujua aende kwenye karasha (mashine ya kusagia mawe ya dhahabu), dukani, au kwa mvuvi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na kazi ya kujua zebaki iko wapi bado inaendelea.

Mtasema, mwisho, kwamba huu ni utaratibu wa Ulaya na sisi si Ulaya. Sheria yao ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji wa kibali alete pia machapisho ya kisayansi ya wazi ya miaka 10 ya nyuma. Ina kasoro: anayetafuta ni yuleyule anayeomba, na nisingependa tuiige hapo. Lakini mwaka 2018, kabla ya kuzuia dawa tatu za kuua wadudu, za jamii ya neonikotinoidi, zisitumike kwenye mashamba ya wazi, ili kuwalinda nyuki, mamlaka yao ya usalama wa chakula ilipitia tafiti zaidi ya 1,500. Dawa za jamii hiyo zinauzwa kwenye maduka yetu ya pembejeo. Nyuki wa Tabora hawana pasipoti, na tafiti zile ziko wazi kwa yeyote kuzisoma.

Na kwa upande wa samaki, hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza gharama. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Wazee wa mwalo wanaikumbuka endosulfani kwa jina la thiodani, dawa ya pamba iliyogeuzwa nyavu. Kwamba endosulfani huua samaki kwa kiasi kidogo mno lilikuwa jambo lililoandikwa miongo mingi kabla. Dunia iliiingiza kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kuondoa sumu zinazodumu muda mrefu, mwaka 2011. Kati ya kuandikwa na kusomwa, viwanda vya minofu vya hapa Mwanza vilinyamaza na wachakataji wakarudi nyumbani. Niliwaona wakisimama getini asubuhi wakisubiri kuitwa. Sitaki kuwaona tena.

Kwa hiyo naomba, Waheshimiwa, kwa unyenyekevu na kwa msisitizo:

(a) Pasiwepo kibali kipya wala kuhuisha kibali cha kiuatilifu bila mapitio ya kimfumo, au angalau ramani ya ushahidi, kuhusu viumbe wa majini, nyuki na ndege, yakifanywa na watu wasiolipwa na mwombaji.

(b) Itifaki ichapishwe kabla ya kazi kuanza, kwa Kiswahili na Kiingereza, na wananchi wapewe muda wa kutoa maoni. Wavuvi na wapulizaji waulizwe pia, maana wao ndio wanaojua nini kinachanganywa na nini kwenye bomba.

(c) Tasnifu na ripoti za vyuo vikuu na taasisi za utafiti za nchi tano, zinazohusu kemikali katika bonde hili, ziwekwe kwenye hifadhidata moja iliyo wazi. Naomba muanze na hili, kwa sababu ni rahisi na kila mwaka unaopita mchwa wanasoma kabla yetu.

(d) Kila uamuzi uchapishwe pamoja na orodha ya tafiti zilizotumika, zilizokataliwa, na sababu.

(e) Orodha ya kuanzia iwe na kemikali zilizozuiwa kwingine lakini bado zinauzwa kwetu.

(f) Vikuge irudiwe kupimwa, na majibu watangaziwe wanakijiji wenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Naomba jibu la maandishi. Likiwa ni la kukataa, nalipokea, ila lije na orodha ya mahali mlipotafuta. Ile bahasha niliyoiacha ofisini nina nakala yake ya pili hapa nyumbani. Nitaileta Dodoma, Kampala, Nairobi, Kigali au Gitega, kwa nauli yangu, siku mtakayonitajia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtafiti mstaafu wa ikolojia ya maji,
Mwanza.